Chupa ya Uani

Fundi aliiacha chupa chafu, akaikuta safi. Mambo yalianzia hapo, na labda ungekuwa wewe ungeshukuru ukaendelea na shughuli zako, maana ni nani mwenye mtoto mchanga asiyetamani chupa zijioshe zenyewe? Lakini huyu fundi cherehani hakuwa mtu wa kushukuru ovyo. Aliikuta imepinduliwa juu ya kitambaa cheupe pamoja na zile nyingine, akaiinua, akainusa. Chupa aliyoichemsha yeye ilinukia mvuke na sufuria. Hii ilinuka udongo mbichi, wa chini kabisa.

Chupa zenyewe hakuzitaka kwa anasa. Maziwa yake yalimkauka mapema, ikabidi mtoto alelewe kwa maziwa ya kopo. Walimwita Kibonge, kwa utani tu, maana alizaliwa kadogo hata nepi ilimzunguka ikabaki. Muuguzi wa kliniki alimwonya fundi kwamba kwa kitoto kama hicho, kuhara mara moja kunatosha kukiondoa duniani. Tangu siku hiyo fundi akaogopa uchafu kuliko kitu chochote. Kila chupa aliifungua vipande vipande, akaisugua kwa brashi mpaka kwenye tundu la chuchu, akaitumbukiza kwenye maji yanayotokota, akaiopoa kwa koleo na kuipindua juu ya kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe. Kisha, kwa kuwa wateja wanamsubiri chumba cha mbele, alibeba sufuria maji yakiwa bado yanachemka, akayamwaga yote kwenye tundu la maji machafu uani, akakimbilia cherehani.

Mumewe alikuwa dereva wa malori, na nyumbani kwake alikaa kama mgeni. Waliobaki ni fundi, mtoto na mama mkwe. Sasa chupa ikioshwa, na fundi hakuiosha, jibu linahitaji shule gani?

Alimuuliza mama mkwe kwa adabu. Mama mkwe akasema macho yake yenyewe yanamwona mtu akishafika mlangoni, hayo mabaki ya maziwa kwenye chupa angeyaonea wapi? Fundi akacheka, lakini moyoni hakucheka. Mama huyu hakuzipenda zile chupa tangu mwanzo. Alizitazama kwa jicho la pembeni, na siku moja alimkataza kabisa fundi kumwaga maji ya moto pale uani. Fundi akaona ni yale yale ya wakwe, akaitikia, "Sawa, mama," na kesho yake akamwaga vilevile.

Mara Kibonge akaanza kukataa chupa ya mama yake. Hakuwa mgonjwa, alikuwa ameshiba. Alifunga midomo akageukia ukuta, tumbo limejaa ndi, na akicheua alicheua maziwa mazito ya rangi ya majivu, ambayo hayakutoka kwenye kopo lolote la humo ndani. Na alinenepa, jamani, mpaka lile jina la utani likawa la haki. Mama mwingine angefurahi. Fundi ilimuuma: mwanawe analishwa na nani, analishwa nini, na kwa nini siku hizi akimwona mama yake analia? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nguo yenyewe ilikuwa imekaa kwenye mkeka inachambua maharage kwa kupapasa.

Basi akatega mtego wa kifundi. Kila chupa aliifunga uzi mwekundu shingoni, kwa fundo lake la kushikizia vifungo, fundo ambalo hata wanafunzi wake hawajaliweza. Halafu mchana, mtoto amelala, akaketi kwenye cherehani na kukanyaga pedali bila kitambaa, ili mama mkwe adhani kazi inaendelea.

Jua lilikuwa utosini na nyumba imetulia. Kwanza alisikia maji yakichotwa. Kisha brashi ikizunguka ndani ya chupa, taratibu, bila haraka. Kisha mtu akaanza kuimba kwa kuguna, na wimbo ulikuwa ule ule fundi anaombembelezea mtoto, umekosewa palepale anapokosea yeye. Fundi akavua kandambili akanyata, mkono ukipapasa ukuta, akapita chumba cha mama mkwe akamwona bibi wa watu amelala chali anakoroma, lakini hakusimama, kwa sababu kule jikoni wimbo ulikuwa umekoma na sasa ulitoka chumbani kwa mtoto, chini chini, karibu na kitanda, na aliposukuma mlango hapakuwa na mtu, ila alama za nyayo zilizolowa, na Kibonge yu macho, maziwa ya majivu yakimtiririka kidevuni, anamchekea mtu aliyesimama nyuma ya mama yake.

Fundi hakugeuka. Alimnyakua mtoto. Uzi mwekundu ulikuwa umefungwa kifundoni mwa mguu wa Kibonge, kwa fundo la fundi mwenyewe.

Hata hapo, binadamu alivyo, alikwenda kumwamsha mama mkwe kwa maneno mabaya. Alimwita mchawi. Mama mkwe akaketi kitako. Alivuta mguu wa mtoto, akaunusa, na uso ukambadilika.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "yale maji unayapoza kwanza?"

Fundi akamvutia mtoto kifuani.

"Nilikukataza."

"Hukuniambia kwa nini, mama."

"Ningekwambia, ungeniita mshirikina. Leo umeniita mchawi, afadhali ningesema." Akateremsha sauti zaidi. "Pale chini pana mtu na mwanawe. Umemuunguza mtoto wake mdomo, hawezi kunyonya. Mama maziwa yamemjaa, amnyonyeshe nani? Amemwona wako."

"Na akishamzoea?"

"Atakwenda naye."

Wakatoka uani. Mama mkwe akampokea mtoto, akamwambia fundi apige magoti aombe radhi kama anavyomwomba mtu. Fundi akapiga magoti penye tundu, akasema hakujua, akasema naye ni mama, akalia kweli. Kutoka chini ukaja mlio wa mtoto, mkavu, wa koo lililobabuka. Uchungu ukamshika fundi kushinda hofu. Akakimbia jikoni, akatengeneza maziwa vuguvugu, akachagua chuchu laini kuliko zote na kuilaza chupa ukingoni. Kitu kikaivuta. Kilio kikakatika, yakasikika mafunda.

Jioni ile Kibonge alinyonya mikononi mwa mama yake, akamaliza. Asubuhi chupa zilikuwa chafu kama fundi alivyoziacha, na nusura azibusu. Alimwomba mama mkwe msamaha, akapewa, pamoja na masimango ya kutosha mwaka mzima. Maji akawa anayapoza, na kabla ya kumwaga anaomba njia. Kila jioni aliweka chupa moja uani, na kila asubuhi aliikuta imeoshwa, inanuka udongo. Alizoea. Mtu huzoea chochote mwanawe akiwa salama.

Mpaka asubuhi moja alipoiokota ile chupa akaona maziwa yote yamo. Hayakuguswa. Chuchu tu ndiyo iliyotafunwa, imekatwa vipande, na kwenye plastiki ya shingo kuna alama za meno, juu na chini, ndogo, zenye ncha.

Akaingia ndani mbio, akampanua Kibonge mdomo. Ufizi mtupu, hata jino moja. Akampelekea mama mkwe ile chupa. Bibi akapitisha kidole penye zile alama, polepole, akairudisha mkononi mwa fundi, akainuka kwenda kufunga mlango wa uani.

"Huyo keshaacha ziwa," alisema. "Sasa ataanza kula."