Vikombe Viwili vya Makohozi

Kisa hiki nilisimuliwa na shangazi yangu, aliyefanya kazi ya maabara miaka ishirini, na si mtu wa kuzua mambo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri. Walikuja maabara wanawake wawili, mama mkwe na mke wa mwanawe. Nyumbani kwao kulikuwa na kikohozi, na kila mmoja alisema ni cha mwenzake. Yule mwana alikuwa ameshaamua: atakayekutwa na kifua kikuu atahama, na mtoto atabaki.

"Mpe tu karatasi yake afungashe," mama mkwe alimwambia Shangazi. "Mchawi huyu ametumaliza."

Yule binti, mkwewe, aliinamisha kichwa.

Shangazi aliandika majina kwenye vikombe viwili, akawatuma nyuma ya jengo, penye hewa, wakakohoe. Hakuwafuata. Waliporudi, kikombe cha binti kilikuwa na makohozi mazito yenye uzi wa damu. Cha mama mkwe kilikuwa na povu jeupe.

"Mama, haya ni mate tu."

"Kifua changu kisafi. Makohozi nikayaazime wapi?"

Akapima hivyo hivyo. Zamani maabara zilingoja wiki nyingi vimelea vya ugonjwa viote. Siku hizi makohozi huchanganywa na dawa ya kuyalainisha, yakatiwa kwenye katriji, kichupa cha plastiki kinachoingizwa mashineni, na mashine hutafuta vinasaba vya vimelea. Baada ya saa mbili hivi, jibu lipo.

Shangazi alisoma. Akasoma tena.

Binti: hakuna vimelea. Mama mkwe: vipo, vingi, na dawa kuu haiviui.

"Uongo huo. Rudia."

"Majina niliandika mwenyewe, Mama. Hiki ni chako."

"Si changu hicho. Hicho katema yeye."

"Alinibana ukutani tubadilishane vikombe," binti alinong'ona. "Alisema nikifungua mdomo, mwanangu simwoni tena."

Shangazi alikwenda kuvitazama vikombe. Vifuniko vilikuwa vimekazwa, kama alivyoviacha. Katika kikombe cha binti kulikuwa na povu jeupe. Katika cha mama mkwe, makohozi mazito. Uzi wa damu ulikuwa ndani yake.

Yalikuwa yamehama.

Akawakohoza upya, mmoja mmoja, mbele ya macho yake, akapima tena. Jibu halikubadilika. Binti alichukua karatasi yake, akatoka mbio kwenda kwa mwanawe. Mama mkwe alipelekwa wodini kuanzishiwa dawa nyingine. Hakutukana tena. Alikuwa akijishika koo.

Jioni Shangazi alikusanya vikombe vya kuchomwa. Kifuniko cha kikombe cha kwanza cha mama mkwe kilimkwaruza kidole hata kupitia glavu. Akakigeuza.

Upande wa ndani plastiki ilikuwa imetafunwa. Alama za meno, ndogo, nyingi, zimebanana.

Mahali pamoja zilikuwa zimebakiza kidogo tu kutoboa.