Nyekundu Chini ya Bluu

Nilikuwa nimefuata miwani ya dada, basi. Jua lilikuwa linazama na jumba la picha lilikaribia kufungwa.

Dada yangu ndiye aliyekuwa akiandika zile kadi zinazobandikwa chini ya picha, za kuwaeleza watu rangi zinasema nini. Wiki tatu nyuma aliiandikia picha ya mwanamke aliyefumba macho: uso wa bluu, nywele za kijani, nyuma yake dhahabu tupu. Tangu siku hiyo amelala, kauelekea ukuta. Hali chakula, hasemi. Daktari hakuona ugonjwa. Dada alikuwa ananiponyoka hivi hivi nikitazama, na roho ilinichemka.

Mlinzi, mzee wa maneno machache, alinipa miwani. Kisha akashusha sauti.

"Umeisoma kadi yake, mwanangu?"

Nikaisoma. *Bluu hii ni huzuni. Huyu amekata tamaa.*

"Kabla yake aliandika mwalimu mmoja. Akasema ni hofu. Mwaka mzima hakufungua hata dirisha. Dada yako alipobandika kadi yake juu ya ile... mwalimu akatoka nje siku ileile. Anayeandika ndiye anayebeba."

"Nikiing'oa?"

"Haisaidii. Mpaka mwingine aandike."

Akaenda kufunga milango ya nyuma. Nikabaki na yule wa bluu.

Harufu ya rangi mbichi ikanijia. Picha yenyewe ni kongwe kuliko bibi yangu.

Halafu sauti... nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kati ya meno.

Sss...

Miguu iliniambia twende. Nikaiambia ikome.

Mimi ni fundi fremu, si msomi wa rangi. Lakini najua jambo moja: fremu hufunika ukingo wa picha, upana wa kidole, na hapo hakuna jicho linalofika. Nikaishusha picha, nikailaza kifudifudi, nikang'oa misumari, nikaitoa fremu. Nikaigeuza.

Ukingoni hapakuwa na bluu.

Nyekundu! Nyekundu ya pilipili, pande zote nne. Bluu ilikuwa imepakwa juu yake, kama mfuniko juu ya sufuria inayochemka. Nikautazama tena uso ule. Huyu hakuwa analia. Alikuwa anajizuia.

"Wamekusingizia," nikamnong'oneza.

Sauti ikakatika.

Nilijua ninachofanya, asije mtu akasema sikujua. Nikairudisha picha ukutani. Nikachukua kadi mpya, nikaandika: *Hii ni hasira. Na anayo haki.* Nikaibandika juu ya ile ya dada.

Nyumbani nilimkuta jikoni, amesimama, anatafuna mkate mkavu kwa pupa. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Mbona umekunja ngumi, mdogo wangu?"

Sikuwa na habari. Nikaifungua. Kiganja kizima chekundu.

Nimekisugua kwa sabuni, nimekisugua kwa mafuta ya taa, hakitakati. Na hasira yenyewe hailali. Juzi nimevunja mpini wa nyundo kwa kuushika tu.

Jana mlinzi alikuja karakanani kwangu. Hakutaka kukaa.

"Amefumbua jicho moja," akasema. "Tafuta mtu mwingine aandike kadi, mwanangu. Uokoke."

Nimtwike nani? Dada yangu anakula, anacheka, juzi kaninunia kwa sababu ya chumvi.

"Mwambie afumbue na la pili," nikamjibu. "Tutazamane."