Jina Lililopigiwa Chafya

Jumamosi ile nilichemsha chai ya maziwa, nikafagia sebule ya nyumba ya mzungu. Shemeji yangu, Arap Birech, mume wa dada yangu, aliinunua pamoja na shamba wazungu walipohama Lessos baada ya Uhuru. Picha ya ukutani tuliikuta humo: kijana wa Kiingereza, Edmundi, kola nyeupe, mashavu mekundu. Mpishi wao wa zamani alituambia farasi alimwangusha akafa akiwa na miaka ishirini na miwili, hana mke, hana mtoto.

Wanawake walikuja kumpa jina mtoto mchanga wa dada yangu Jelagat. Sisi Wanandi huwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya. Anayepigiwa ndiye aliyerudi. Kogo Tapsubei, bibi yake mtoto upande wa baba, akamsogezea ugoro puani, akaanza kutaja. Mababu wakaisha, wajomba wakaisha, chai ikapoa. Mtoto kimya.

"Mh! Labda anamtaka yule pale," jirani yetu Jemaiyo akacheka, akinyoosha kidole ukutani. "Haya, wewe ni Edmundi?"

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka. Kogo akafunga kopo la ugoro.

"Mdomo wako huo, Jemaiyo! Sasa kaitika. Aliyeitika hafukuzwi."

"Mama, taja tena," dada akanong'ona. "Nakuomba."

"Wamekwisha, mwanangu."

Dada hakutaka hata kulisikia jina lile. Mtoto naye akakataa ziwa. Siku moja. Mbili. Ya tatu hakulia tena. Niliogopa mpaka woga ukaniishia, nikabaki kama gogo. Mchana dada akamwinamia sikioni.

"Edmundi. Haya, nyonya."

Akanyonya. Tukalia wote, eti kwa furaha.

Mwezi ukapita. Mtoto ananyonya kutwa, dada anakauka, lakini mtoto haongezeki. Mbavu zake unazihesabu.

"Maziwa yanaenda wapi, mdogo wangu?" dada akaniuliza.

Nikamwongezea uji.

Asubuhi moja nilikuwa napangusa vumbi kwenye picha. Mdomo wa yule kijana ulikuwa umelowa. Tone jeupe lilikuwa linashuka kidevuni. Nikaligusa. Lina joto.

Chumba cha pili mtoto alikuwa ananyonya. Nilimsikia akimeza.

Nikalifuta lile tone kwa leso. Likatoka jingine.