Siku Bibi Dativa Alipopalilia Ukoka

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Agnella alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akayapaka magoti yake mafuta ya nazi. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya shule yao pale Mchombe, na uwanja wa shule ulikuwa mgumu kama sakafu. Akidaka mpira kulia, goti la kulia linachubuka. Akidaka kushoto, la kushoto nalo linadai haki yake. Bibi Dativa, aliyekuwa akimlea, alikuwa amechoka kuviona vidonda hivyo.

"Mjukuu wangu, kwa nini usiuache huo mpira upite?" aliuliza.

"Bibi, ukipita ni goli!"

"Na likiwa goli, mtu anakufa?"

Basi siku Mwalimu Fridolin wa michezo alipowaletea darasa la sita mgeni aliyeitwa Bi. Gladness, mtafiti wa nyasi, Agnella alikaa mbele kabisa. Bi. Gladness alifungua bahasha akawaonyesha mbegu ndogo kama za mchicha. Alisema ni mbegu za ukoka, nyasi za kupanda uwanjani.

Darasa zima liliangua kicheko. Katika bonde la Kilombero watu huinama shambani miezi mitano wakizing'oa nyasi, na hakuna aliyewahi kusikia mtu mwenye akili zake akizipanda. Mashimba, ambaye baba yake alifuga ng'ombe sabini, alinyoosha mkono.

"Zikishaota, ng'ombe wataruhusiwa lini?"

"Hawataruhusiwa," alijibu Bi. Gladness.

"Basi baba nisimwambie."

Bi. Gladness aliwasubiri wanyamaze. Aliwaeleza kwamba ukoka wa viwanja vizuri hupandwa kwa vipande vya shina, kimoja kimoja, na kujaza uwanja mzima huhitaji malori na watu wengi. Yeye na wenzake walikuwa wametumia miaka tisa kuchagua ukoka unaopenda joto, usiokufa kwa kukanyagwa, na ambao juu ya hayo unatoa mbegu za kutosha. Sasa walitaka kuona kama utaota kwenye udongo wa bondeni. Wangeanza na viwanja viwili vidogo nyuma ya bomba la shule, kwa wiki tatu.

"Ukiota, nitaleta mbegu za uwanja wote," alisema. "Usipoota, mbegu hizo zitakwenda kwa shule nyingine."

Agnella aliomba kiwanja kimoja kabla hajaulizwa. Cha pili alipewa Mashimba.

Maelekezo hayakuwa magumu. Udongo ulainishwe, mbegu zimwagwe juu bila kufukiwa, zishindiliwe kwa miguu, kisha zifunikwe kwa mabua machache ya mpunga yaliyokung'utwa vizuri. Maji yamwagwe taratibu kwa keni, ile ndoo ya mdomo wenye matundu, asubuhi na jioni.

Mashimba aliyakung'uta mabua yake mpaka akapiga chafya hadi magharibi. Agnella alikuwa na mazoezi. Alikimbia hadi kwenye uwanja wa kupigia mpunga wa bibi yake, akabeba mzigo mmoja, akautandaza vilevile ulivyokuja. Mabua ni mabua, alijiambia. Kwamba punje kadhaa zilikuwa bado zimeng'ang'ania kwenye masuke, hilo hakuliona, na hata angeliona asingelijali.

Siku ya tisa viwanja vyote viwili vilikuwa kijani. Cha Agnella kilikuwa cha kijani zaidi, naye alijisifu nacho darasani mpaka watu wakamkimbia.

Ijumaa ya wiki ya tatu ilikuja habari nzuri kupita kiasi. Binamu yake wa Kisawasawa alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na kungekuwa na pilau. Mwalimu Fridolin alikuwa amesema hakuna kuacha kiwanja hata siku moja, lakini pilau ni pilau. Agnella alimwekea bibi yake keni mkononi.

"Bibi, unimwagilie kiwanja changu nyuma ya bomba la shule, asubuhi na jioni. Na mwalimu asijue!"

"Umepanda nini huko?"

Agnella hakusikia, alikuwa ameshaliona basi linakuja.

Jumamosi asubuhi Bibi Dativa alifika nyuma ya bomba, akatazama, akashika kiuno. Kumbe mtoto alikuwa amepanda mpunga! Mpunga wenyewe ulikuwa mzuri, wa kimo cha shubiri, lakini chini yake nyasi zilikuwa zimejaa mpaka udongo hauonekani. Bibi alisikia aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Watu wangesema nini, mjukuu wa Dativa ashindwe kupalilia eneo la ukubwa wa mkeka? Alijifunga khanga kiunoni, akainama. Alikuwa amepalilia mpunga kwa miaka hamsini, na mkono wake haukuwa na huruma. Kufikia saa sita mchana hakikubaki hata kijani kimoja cha ukoka.

Jumapili jioni Agnella alirudi na kipande cha nyama kwenye mfuko. Bibi alimpokea kwa furaha.

"Mbona hukuniambia ni mpunga? Ulikuwa unakufa kwa magugu, mama. Nimekusafishia wote!"

Agnella alikimbia hadi nyuma ya bomba, akakaa chini pu! Bi. Gladness alikuwa anakuja kesho yake. Aliwaza kulia. Aliwaza kurudi Kisawasawa akaishi huko. Mwishowe alikwenda kuchukua mkasi wa Bibi wa kukatia vitambaa, akaukata mpunga wote mpaka ukabaki na kimo cha kidole. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ulifanana na ukoka.

Jumatatu Bi. Gladness alifika na rula na daftari. Kiwanja cha Mashimba kilikuwa na nyasi fupi, nyembamba, zenye upara mdogo kwenye kona moja. Cha Agnella kilikuwa kimesimama wima kama brashi ya viatu. Mwalimu Fridolin, mtu wa mjini ambaye maisha yake yote alikutana na mpunga ukiwa umeshafika kwenye sahani, alifurahi mno.

"Agnella, ulifanyaje?" aliuliza Bi. Gladness.

"Nilifuata maelekezo."

"Yote?"

"Yote. Shikamoo."

"Marahaba, kwa mara ya pili."

Mwalimu Fridolin alimgeukia Mashimba. "Na wewe? Mbegu zilezile, udongo uleule! Wiki tatu ulikuwa umelala?"

"Nilimwagilia kila siku, mwalimu."

"Usinijibu! Bi. Gladness, andika kimefeli kwa uzembe. Na Mashimba atasafisha vyoo mwezi mzima."

Mashimba aliinamisha kichwa. Hakuwa amekosa hata asubuhi moja, na Agnella alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kila alipofika kwa kuchelewa alimkuta mwenzake ameshamaliza. Moyo ulimuuma. Alijua kwamba akisema, uwanja wa nyasi huenda ukaenda kwa shule nyingine. Bi. Gladness alishika kalamu.

"Ni mpunga!" Agnella alipiga kelele. "Ni mpunga, nimeukata kwa mkasi! Mabua sikuyakung'uta, nikaenda kula pilau, Bibi akang'oa ukoka wote! Mashimba hana kosa!"

Mwalimu Fridolin aling'oa jani moja, akalinusa, akalirudisha polepole kama linalouma.

"Mimi nimezaliwa Chita, humu humu bondeni," alisema Bi. Gladness. "Nilijua huu ni mpunga tangu nikiwa kule bombani. Nilitaka kuona kama utamwacha mwenzio aadhibiwe."

Bibi Dativa aliitwa. Alisikiliza kisa chote, kisha akaikalia keni.

"Yaani nyasi ndiyo mazao, na mpunga ndiyo magugu? Shule hii inawafundisha nini?"

Bi. Gladness alicheka hadi machozi. Aliandika kwamba kiwanja cha Agnella kiliota vizuri, kikang'olewa chote na mtu mmoja kwa asubuhi moja. Alikubali pia kwamba alisema mabua yakung'utwe bila kueleza sababu, na hilo angelirekebisha kwenye maelekezo ya bonde zima. Mwalimu Fridolin alimwomba Mashimba radhi mbele ya darasa. Agnella naye aliomba radhi, akapewa mbegu upya, na mazoezi yakasimamishwa kwake kwa wiki tatu. Bibi alipewa kazi ya kung'oa punje yoyote ya mpunga itakayochipua. Aling'oa huku akiomba msamaha kwa Mungu, akaificha kwenye khanga, akaenda kuipandikiza kwake.

Safari hii ukoka uliota kweli, ukatambaa, ukashikana. Novemba, mvua zilipoanza, Bi. Gladness alirudi na mifuko mitatu ya mbegu. Shule nzima ilikusanyika uwanjani.

"Mbegu ikifa, naandika imekufa, kisha natafuta kosa," aliwaambia wanafunzi. "Lakini mtu akinidanganya kwamba imeota, nitaipeleka shule ishirini, na zote zitavuna vumbi. Kwa hiyo ukikosea, sema. Na kazi uliyopewa, ifanye wewe mwenyewe. Ukilazimika kumwachia mwingine, basi mweleze ni kazi gani."

Kisha alimpa Agnella mbegu za kwanza, azimwage yeye golini. Agnella alizitazama kiganjani. Alikuwa ameitamani siku hii kuliko pilau yoyote. Halafu alipita katikati ya wenzake, akazimimina zote mkononi mwa Mashimba.

"Anza wewe," alisema. "Mimi nitafuata."