Kitambaa Cheusi Ndani ya Chesisi

Mwaka 1947 nilikuwa nafanya kazi gereji moja hapa Makadara. Jioni moja tulibaki wawili tu, mimi na shemeji yangu Fondo, mume wa dada yangu Mwanarusi. Lori la Bwana Sheikhan lilikuwa limepasuka chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Asubuhi angekuja fundi Jaffar na gesi yake, aunge vyuma vya kuikaza. Kazi yetu ilikuwa kulitayarisha. Betri tushaitoa. Petroli tushaimimina kwenye debe, na debe nimeliandika mwenyewe kwa chaki, PETROLI, maana nilikuwa nimejua kusoma mwaka ule ule na sikuacha kitu bila jina.

Ilibaki kukwangua. Jaffar hataki mchezo. Rangi, kutu, grisi, vyote vitoke mpaka chuma king'ae.

Tukaingia chini ya lori, tukalala chali, kandili katikati yetu. Nje adhana ya magharibi ikaanza.

"Shemeji," Fondo akanong'ona. "Hapa usipaguse. Tupake rangi tu, basi."

"Upake rangi penye ufa? Wataka Jaffar atukate masikio?"

"Hapo pana kitu."

Nikasogeza kandili. Ndani ya chuma cha chesisi, pale pale penye ufa, palikuwa na kitambaa cheusi kimefungwa kwa uzi mwekundu, kimelowa grisi. Lilikuwa fingo. Kwetu watu huyazika mlangoni yalinde boma. Lakini ndani ya lori? Sikuwahi kuona.

"La nini hili?"

"Kuna mtu alikanyagwa na lori hili akafa, njia ya Mazeras. Mtu wa baiskeli. Sheikhan akaleta mganga, akaifunga roho yake hapo isije ikatufuata majumbani." Fondo alikuwa taniboi, utingo wa lori lile, alikuwapo. "Alolifunga ndiye wa kulifungua, Chirau. Si mimi, si wewe."

"Na moto wa gesi ukilishika? Kitambaa cha grisi? Tutaungua sote na gereji."



Nikaweka patasi kwenye uzi. Nikapiga nyundo.

Uzi ukakatika.

Harufu ikaja kwanza. Nywele zilizoungua... na damu mbichi, kama bucha asubuhi. Halafu sauti, polepole, juu ya vichwa vyetu.

Krii... krii... krii...

Cheni ya baiskeli.

"Fondo?"

Alikuwa ananitazama. Macho hayapepesi. Akanishika nywele, akanigongesha kichwa kwenye ekseli. Mara ya kwanza nikaona nyota. Mara ya pili nikasikia meno yakivunjika mdomoni mwangu. Nikatambaa kutoka chini ya lori, naye akanifuata na nyundo, anatambaa kama mjusi. Akapiga. Nikaweka mkono. Mfupa ukalia ka! na mkono ukaning'inia.

"Shemeji, ni mimi! Ni mimi!"

Akaitupa nyundo. Akajishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili.

Akakaza.

Kucha zikazama nyamani. Damu ikateremka kifuani. Uso ukaanza kuwa mweusi, ulimi nje, na bado sauti ikatoka. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mzee, imejaa mchanga.

"Nani alishika usukani?"

Nikamrukia. Nikamvuta vidole kwa ule mkono wangu mzima. Ilikuwa kama kuvuta chuma.

"Nani... alishika... usukani? Nitajie, nimwache huyu."

Nikamfikiria Mwanarusi na mimba yake. Na Sheikhan, mji mzima unajua, hampi mtu lori lake. Huliendesha mwenyewe.

"Sheikhan!" nikapiga kelele. "Sheikhan! Nyumba yake iko Mlango wa Papa!"

Mikono ikaachia. Fondo akaanguka kama gunia.

Krii... krii... Cheni ikapita ubavuni mwangu, ikatoka mlangoni, ikashika njia ya Mji wa Kale, kwa Sheikhan.

Kabla ya isha habari zikafika. Sheikhan amekutwa amekufa chumbani kwake ghorofani, kifua kimepondwa, mbavu zimetoboa kanzu. Na juu ya kanzu, alama ya tairi la lori. Ngazi ya nyumba ile ni nyembamba, mtu huipanda ubavu ubavu, sembuse lori.

Nilikaa na Fondo nyumbani kwake, mkono wangu umefungwa kitambaa, Mwanarusi akimkanda shingo kwa maji ya chumvi. Dada alipotoka kuongeza maji, Fondo akanivuta shati.

"Chirau..." Sauti ilikuwa kama karatasi. "Siku ile ya Mazeras Sheikhan alikuwa na homa. Alikuwa amelala, kando yangu."

"Kando yako wapi?"

"Mimi ndiye nilishika usukani."

  Yule mtu wa baiskeli alikuwa amemshika dereva mwenyewe, kooni, naye akaniuliza mimi. Ama alijua tangu mwanzo, na alitaka kwanza kusikia nitamtaja nani.

Mwanarusi akarudi na sufuria, akatuuliza mbona tumenyamaza. Tukamwambia ni maumivu.

Lori lilipelekwa bara, likauzwa. Fondo hatoki tena jioni. Mtu akipiga hodi kwake, dada yangu hufungua. Nimemkataza mara nyingi asitaje jina la mume wake mlangoni, na kila mara huniuliza kwa nini.

Juzi amenambia kuna mzee alikuja na baiskeli, mpole, akaomba maji. Akauliza mwenye nyumba anaitwa nani.

Akamtajia.