Karoti ya Funza

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi saa, aliyefiwa na mkewe akaachiwa buibui mkubwa wa manyoya na trei ya funza wa kumlisha, waliozalishwa kwenye pumba kabatini. Ofisi ya vibali vya wanyama ilimwambia kwamba kuhamisha umiliki wa buibui kunahitaji saini ya marehemu, "tena aje mwenyewe, mzee wangu."

Marehemu alikuwa na pengo la mbele, na kila karoti aliyowawekea funza wale aliing'ata kwanza. "Lazima nionje chakula cha wanangu, bwana."

Tangu mazishi kabati halikufunguliwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa fundi. Wiki ya tatu buibui alilegea kwa njaa, na fundi hakuwa na nguvu za kuzika tena. Akafungua. Ndani giza, pumba zikichakarika kama mvua ya mbali. Akapapasa. Karoti ilikuwa mbichi kama ya leo, na katikati ya alama za meno kidole chake kikakuta sehemu isiyong'atwa, upana wa jino moja.