Mihogo ya Samadi ya Babu Masele

Kila siku, akitoka shule, Nyanzala alipita kwenye kibanda cha Telesphor pale mtaa wa Makanyagio kuchukua sahani ya mihogo ya babu yake, Masele. Hakulipa hata senti. Telesphor alikuwa akichota samadi kwenye zizi la Babu Masele na kuipeleka kwa baiskeli kwenye shamba lake la mihogo. Kila gunia la samadi lilikuwa na malipo yake: sahani sita za mihogo ya kukaanga.

"Samadi ya babu yako ni balaa!" Telesphor alimwambia Ijumaa moja mbele ya wateja. "Juzi nimesahau jembe shambani. Asubuhi nakuta mpini umetoa majani, na ndege ameshataga juu yake mayai mawili."

"Na hayo mayai nayo umekaanga?" aliuliza dereva mmoja wa lori.

"Niwakaangie nyie? Nimekula mwenyewe!"

Watu walicheka. Telesphor alitumbukiza vipande kwenye karai. Mawese yake yalikuwa yakikaangia tangu Jumatatu, na sasa yalikuwa meusi kama masizi. Alivitoa vipande vikichuruzika, akavimwagia chumvi kwa kiganja kizima.

"Kaka Telesphor," Nyanzala alisema kwa sauti ndogo, "ya Babu usitie chumvi."

"Wee mtoto! Hii chumvi ya Uvinza, imetoka ardhini. Haina dawa."

Neno hilo, dawa, ndilo lililokuwa midomoni mwa kila mtu mwaka ule. Mkulima mmoja alikuwa amepulizia mchicha wake dawa ya kuua wadudu wa tumbaku, na nyumba tatu zilizoula zikatapika usiku kucha. Tangu hapo hakuna aliyenunua hata nyanya moja bila kuuliza kama ina dawa. Telesphor akachukua ubao, akaandika kwa mkaa: MIHOGO YA SAMADI. HAINA DAWA. HAINA MBOLEA YA DUKA. Foleni ikafika barabarani.

Nyanzala aliipeleka sahani nyumbani huku moyo ukiwa mzito. Mwezi uliopita alikuwa amemsindikiza Babu hospitali, na alimsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe: "Mzee, presha yako iko juu sana. Meza vidonge kila siku. Chumvi na mafuta uachane navyo."

Njiani kurudi nyumbani Babu alikuwa ameyageuza maneno hayo. "Amesema chumvi ya pakiti na mafuta ya kopo. Vitu vya dukani. Mimi nakula jasho la ng'ombe wangu."

Daktari hakusema hivyo. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anamwambiaje babu yake kwamba hakusikia vizuri? Baba na mama walikuwa wameswaga ng'ombe wengi kwenda kutafuta malisho upande wa Mpimbwe, na wasingerudi kabla ya mvua. Nyumbani walibaki wawili tu, na ng'ombe wachache zizini.

Nyanzala alijaribu kumbadilishia chakula. Siku moja aliiosha mihogo kwa maji ili chumvi itoke. Babu alionja kipande akakitema. "Umeniletea sabuni?" Siku nyingine alipika mlenda na ugali. Babu akausogeza pembeni, akauliza sahani yake iko wapi. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ndara zikakataa kuingia. Alilalamika kichwa kinamgonga. Na kila alipojisikia vibaya zaidi, aliagiza mihogo zaidi, maana aliamini chakula cha asili ndicho kitakachomponya. Mwenye kumletea alikuwa Nyanzala.

Jumamosi asubuhi Telesphor alikuja kuchukua samadi. Babu aliinuka kumsalimia. Mdomo wake ukapinda upande mmoja, mkono wa kulia ukalegea, akaanguka mlangoni pa zizi.

"Babu! Babu!" Nyanzala alimwinua kichwa. Babu alijibu kitu, lakini maneno yalitoka yamevurugika.

Telesphor alitupa gunia chini. Walimpakia Babu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Telesphor akisukuma, Nyanzala akimshikilia kiunoni kwa mikono yote miwili. Njia nzima alikuwa na wazo moja tu kichwani: nimemlisha mwenyewe.

Hospitali, Babu alipokwisha kulazwa, Nesi Evaline alitoka na daftari. "Mgonjwa huwa anakula nini?"

"Chakula safi kabisa, dada," Telesphor alijibu haraka. "Mihogo ya samadi. Haina dawa hata tone."

"Mnaipikaje?"

"Nakaanga. Kwa mawese. Na chumvi kidogo."

"Si kidogo," Nyanzala alisema. "Ni kiganja kizima. Na mafuta ni ya tangu Jumatatu. Nilijua, nesi. Nilimsikia daktari. Nilishindwa kumwambia Babu."

Telesphor alitazama viatu vyake.

Siku tatu zilipita kabla maneno ya Babu hayajaanza kunyooka. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Siku ya nne Telesphor alileta bakuli: mihogo ile ile ya shambani kwake, safari hii imechemshwa. Babu alimeza kipande kimoja, akakunja uso.

"Haina ladha."

"Kula, Babu," Nyanzala alisema.

Babu alimtazama kwa mshangao. Nesi Evaline, aliyekuwa akipima presha kitandani hapo, alicheka kidogo, kisha akasema: "Msikilize mjukuu wako, mzee. Mihogo yako ilitoka shambani ikiwa mizuri, hilo sibishi. Ubaya ulianzia kwenye karai. Mafuta yaliyochoka na chumvi nyingi vinaumiza, hata kama vyote vimetoka ardhini. Usiulize tu chakula kimelimwaje, uliza na kimepikwaje. Na wewe Nyanzala, ukijua jambo linalohatarisha uhai wa mtu, liseme. Akikataa mkubwa mmoja, mwendee mwingine. Huko si kukosa adabu."

Mkono wa kulia ulikataa kunyanyuka, basi Babu akafungua mdomo. Nyanzala akachukua kipande cha pili, akamlisha polepole, mpaka bakuli likaisha.